Dakika Saba za Mwisho wa Kaseti

Shemeji yangu Alfons aliniita muuaji kwa miaka thelathini na sita, mara nyingi huku akiniongezea mchuzi. Kila Jumapili mimi hula kwake. Dada yangu Frida hupika nyama ya kuviringisha, matonge ya viazi na kabichi nyekundu, vilevile kama mama yetu alivyopika, na sijawahi kukosa, hata wiki niliyovunjika mguu. Kwa hiyo pigeni wenyewe hesabu ya mara nilizoitwa muuaji.

Niliyemuua ni bendi. Zamu ya Nne ilikuwa bendi ya mji wetu wa Bytom, vijana watano ambao baba zao wote walikuwa wachimbaji wa makaa. Albamu zao tatu za kwanza anazijua kila mtu wa rika langu. Ya tatu, inayoitwa *Taa*, ilitoka mwaka 1983, na hiyo ndiyo watu wanayoiapia. Mwaka uliofuata mpiga gitaa wao Hubert, aliyetunga karibu kila kitu, alikwenda Ujerumani Magharibi kumzika shangazi yake na hakurudi. Wakanichukua mimi, Ginter, fundi wa tramu mwenye miaka ishirini na mitatu.

Nilipiga kwenye albamu mbili. Ya mwisho, *Minyororo*, ya mwaka 1987, nilitunga zaidi ya nusu yake. Jaladani tuliweka picha ya bafu la mgodini, nguo za wachimbaji zikining'inia darini kwenye minyororo yao. Ni kitu bora nilichowahi kufanya kwa mikono hii, na nimetengeneza tramu nyingi. Jarida moja la vijana liliandika kwamba hiyo ni bendi iliyokufa ambayo bado inarusha miguu. Watu wakaishika ile sentensi, wakaiacha albamu. Mwaka 1991 tulivunja bendi, nikarudi karakana.

Sasa huyu Alfons si mtu hivi hivi. Alichimba makaa miaka ishirini na mitano, kifua kikaharibika, akastaafu, na tangu hapo ni mwenyekiti wa klabu ya wapenzi wa santuri inayokutana kwenye ukumbi wa wachimbaji. Akisema santuri ni mbovu, watu huirudisha sandukuni bila kubisha. Na *Minyororo* hajawahi kuisikiliza hata dakika moja. Hilo alikuwa akilisema kwa kujidai, kama mtu anayejisifu kwamba hajawahi kugusa sigara. "Baada ya *Taa*, hakuna kitu," ndivyo alivyosema siku zote.

Kukataliwa naweza. Mtu akisikiliza kazi yangu akaitemea mate, nitanuna siku mbili, yataisha. Lakini kukataliwa na mtu ambaye hajasikiliza, tena unakaa naye meza moja kila Jumapili, hilo lilinikaa kooni. Sikuhitaji anisifu. Nilitaka asikilize tu.

Basi Jumapili moja ya Oktoba, mwaka juzi, Alfons alikuja mezani na kinasa sauti chake cha zamani chini ya kwapa.

"Shemeji, weka uma chini," alisema. "Leo nakusikilizisha kitu usichokistahili."

"Chakula kinapoa."

"Kipoe. Jumamosi klabu inaadhimisha miaka arobaini ya *Taa*. Atakuja pia bwana mmoja wa kampuni ya santuri kutoka Katowice, wanaitoa upya. Na mimi, muuaji wewe, nina wimbo wa *Taa* ambao dunia haijawahi kuusikia. Umebaki nje ya santuri. Uko kwangu tu."

Alinionyesha kaseti. Ubavuni alikuwa ameandika kwa wino wa bluu uliofifia: *Taa*, 1983, na chini yake, *usiojulikana, gitaa Hubert*. Akabonyeza kitufe. Ilisikika mwisho wa wimbo wa mwisho wa *Taa*, ambao hata paka wa Frida anaujua, kisha mkwaruzo wa mkanda, kisha kinanda kikaanza polepole, na juu yake gitaa.

Nilijua kabla gitaa halijamaliza noti ya pili. Ulikuwa "Geti la Kusini", upande wa pili wa *Minyororo*, wimbo wa nne. Hauna maneno, ni dakika sita za gitaa na kinanda. Niliutunga nikiwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, nikimfikiria baba akitoka kazini.

Alfons alikuwa amefumba macho. "Sikia hapo," alisema. "Sikia anavyosubiri. Mwingine angejaza noti kumi, yeye anasubiri. Wewe hungeweza hata ungepewa miaka mia."

"Huenda," nilisema.

"Hilo ni lile gitaa jekundu la Hubert. Ningelijua hata nikiwa chini ya ardhi mita mia nane. Nilipolazwa na hiki kifua, daktari alinipa dawa zake, na dawa hii nikajipa mwenyewe kila siku asubuhi. Sijamsikilizisha mtu yeyote. Hata Frida namzuia."

Nikamtazama Frida. Alisimama ghafla, akabeba bakuli ambalo bado lilikuwa na kabichi, akaelekea jikoni. Nilimfuata.

"Frida."

"Punguza sauti."

"Ule ni wangu."

"Najua ni wako, Ginter. Unadhani nani aliurekodi?" Alifungua bomba ili maji yapige kelele. "Si unakumbuka redio ilivyokuwa ikipiga albamu nzima, mtangazaji anatuhesabia kabisa ili tubonyeze kwa pamoja? Basi Jumatatu ile walipiga *Taa*, Jumanne wakapiga *Minyororo*. Alfons alikuwa zamu ya mchana. Akaniambia, nirekodie *Taa*, na ole wako upoteze kaseti kwa huyo mdogo wako. Sawa. *Taa* ni dakika thelathini na nane. Upande wa kaseti ni arobaini na tano. Nikabaki na dakika saba tupu."

Kaseti tupu wakati ule ilikuwa mali, hakuna aliyeacha dakika saba zilale bure. Aliyekuwa zamuni alirekodiwa na mkewe au mama yake, na kilichobaki mwishoni mwa mkanda kilijazwa chochote. Nyumba nzima za mji wetu zilikua zikiamini kwamba nyimbo fulani zinafuatana kwa sababu mama wa mtu alizifuatanisha.

"Jumanne nikaweka wimbo mmoja wako, ule ulionitosha," alisema Frida. "Nilikuwa najivunia, basi. Nikataka uwe ndani ya nyumba yangu."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Ningesemaje? Alirudi kutoka kazini, akasikiliza, akaja hapa hapa jikoni macho mekundu. Akasema, Frida, redio wametoa wimbo wa siri wa *Taa*. Ningemwambia ni wa Ginter, angeufuta kabla ya supu. Unamjua."

Namjua. Angeufuta.

"Na mimi je? Mimi ungeniambia."

"Wewe ungekwenda kumtambia mezani, naye angeufuta baada ya supu." Alifunga bomba. "Jumamosi Ernest anakuja."

Ernest ndiye mpiga kinanda. Alikuwepo tangu albamu ya kwanza mpaka tulipovunja. Kinanda cha "Geti la Kusini" ni mikono yake. Alfons angesimama mbele ya watu sitini na mgeni kutoka Katowice, angepiga wimbo wake wa siri, na Ernest, ambaye hajawahi kuzuia mdomo wake kwa ajili ya mtu yeyote, angepiga kelele kutoka kiti cha mbele.

"Mwambie wewe," alisema Frida. "Mimi ataniuliza kwa nini nilimdanganya, na sina jibu zuri."

"Nitafikiria," nilisema.

Nilifikiria Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na sitaficha, nilifikiria kwa raha. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nilimwona Alfons amesimama pale jukwaani na kaseti yake mkononi, ukumbi mzima unaangua kicheko. Nilichagua hata shati nitakalovaa.

Alhamisi asubuhi, kwenye foleni ya mkate, mwanachama mmoja wa klabu alinishika bega. "Jumamosi tunakuja wote," alisema. "Alfons anasema ana bomu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetamani bomu hilo lisilipuke. Hapo ndipo raha yangu iliponiishia. Alfons akiaibishwa mbele ya hao, *Minyororo* hataisikiliza kamwe. Ataichukia mara mbili, na safari hii atakuwa na sababu. Nitakuwa nimeshinda, na kile kimoja nilichokitaka nitakuwa nimekipoteza.

Nilirudi nyumbani, nikatoa nakala yangu ya *Minyororo* kabatini, nikaenda kwenye bustani yake. Alfons ana kibanda pale, kati ya kabichi na njiwa wake, na humo ndimo anamoweka mashine ya santuri iliyo nzuri kuliko vitu vyote vya nyumbani kwake.

Aliliona jalada kabla hajaniona mimi. "Hiyo haiingii hapa. Nimeweka sindano mpya."

"Upande wa pili, wimbo wa nne."

"Shemeji, nakuheshimu kwa ajili ya dada yako..."

"Iweke, Alfons."

Mimi simwiti kwa jina. Labda ndiyo maana aliichukua. Aliishika kwa ncha za vidole, akatafuta mstari, akashusha sindano. Kinanda kikaanza.

Hakufumba macho safari hii. Gitaa lilipoingia aliinua sindano, akairudisha mwanzo, akasikiliza tena mpaka palepale. Akainua tena. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nani alifanya hivi?"

"Frida. Ulikuwa zamuni, kaseti ikabaki na dakika saba. Aliogopa utaufuta."

"Ningeufuta," alisema. Akakaa juu ya ndoo. "Lakini gitaa ni la Hubert."

"Gitaa ni la Hubert. Aliliacha alipokwenda Ujerumani. Sikuwa na langu. Mikono ni yangu."

"Gitaa nililijua."

"Gitaa ulilijua."

Njiwa walikuwa wakitembea juu ya bati. Alfons alikohoa kikohozi chake kirefu, nami nikangoja kiishe, kwa sababu kumsaidia humkasirisha.

"Toka, shemeji," alisema. "Niachie hii."

Nikatoka. Njiani niliwaza kwamba ataifuta kaseti jioni ile ile, na niliumia kuliko nilivyotarajia. Wimbo ule ulikuwa umepata mpenzi mmoja tu duniani, na huenda nimemfukuza mwenyewe. Ijumaa Frida alipiga simu. Alfons hakuja kula mchana. Yuko kibandani, alisema, jirani wa bustani amelalamika, santuri moja inazunguka tu, upande huu, upande ule.

Jumamosi saa tisa mchana ukumbi ulijaa. Mgeni wa Katowice alikaa mbele, Ernest pembeni yake na bia yake. Alfons alipanda jukwaani amevaa koti lake la sherehe la wachimbaji, lenye vifungo vya shaba, ambalo huvaa kwenye misiba na sikukuu ya mtakatifu wa wachimbaji tu. Aliweka kaseti, akabonyeza.

Watu walisikiliza wote dakika sita. Ulipokwisha, yule mgeni alisema kwa sauti, "Hubert! Huyo ni Hubert kabisa." Ernest akageuka nyuma akinitafuta, mdomo wazi, tayari anacheka.

"Ernest, nyamaza," alisema Alfons. "Hii aibu ni yangu, usininyang'anye."

Akawaambia. Aliwaambia kuhusu redio, zamu ya mchana, dakika saba. Aliwaambia kwamba wimbo ni wa *Minyororo* na aliyeupiga ni shemeji yake, yule pale karibu na mlango, ambaye amemwita muuaji tangu Frida akiwa na nywele nyeusi. "Na nilikuwa sijaisikiliza," alisema. "Hilo ndilo. Nilikuwa sijaisikiliza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele kwamba masikio ya mwenyekiti yamejaa makaa. Ndicho kicheko nilichokuwa nimekichagulia shati, na nilitamani nimnase kibao yule aliyepiga kelele. Alfons alisimama tu na vifungo vyake mpaka wakamaliza. Yule bwana wa Katowice alinipa mkono, akasema ni wimbo mzuri, kisha akarudi kuzungumzia *Taa*, kwa sababu ndiyo iliyomleta.

Jumapili nilikwenda kula. Frida alipakua bila kumtazama yeyote. Alfons alichukua kijiko cha mchuzi, akaniongezea, akakaa.

"Upande wa kwanza wa *Minyororo*," alisema, "ni takataka."

"Alfons!" alisema Frida.

"Mwache."

"Wimbo wa pili hasa. Ngoma zinakimbia kana kwamba mpigaji anawahi tramu ya mwisho, na wewe unamfukuza nyuma na gitaa badala ya kumzuia. Nimeusikiliza mara tano. Mara tano zote mmekimbia."

Ni kweli tulikimbia. Nimelijua hilo tangu mwaka 1987, na hakuna binadamu aliyewahi kuniambia, kwa kuwa hakuna aliyefika wimbo wa pili. Nilijisikia vizuri, nikaweka uma chini.

"Na wa tatu?" nilimuuliza.

"Wa tatu ni mbaya zaidi."

Nikavuta kiti karibu. "Haya," nikamwambia, "anza na wa tatu."