Nusu Kichwa Bila Msamaha

Hadia alikuwa amesukwa nusu kichwa katika saluni ya Valary, mtaani Gatina, Nairobi, na alasiri hiyo angempambia dadake harusi kule Kibera.

"Mheshimiwa ametajirika kwa jasho lake," Valary akasema. Mheshimiwa huyo, mwakilishi wa wadi yao, alikuwa binamu yake Valary.

"Jasho gani, mama? Alichaguliwa, mifereji yetu ikakauka, wiki iliyofuata malori yake yakaanza kutuuzia maji!"

"Hiyo ni bahati."

"Basi bahati yenyewe imeshika funguo za tangi la maji ya mtaa," Hadia akasema.

Valary akaweka kitana chini. "Omba msamaha, ama uende hivyo hivyo."

Hadia akajitazama kiooni. Kushoto alipendeza kama malkia. Kulia alikuwa ufagio uliochakaa. Akainuka, akabeba mkoba.

"Naenda hivi hivi. Msamaha siombi."