Namba Anayoijua Mama Mkwe

Nilikuwa mtu wa kuperuzi, nasema mwenyewe kabla majirani hawajanisemea. Kabla sijanawa uso nimeshaperuzi. Nakanda unga kwa mkono mmoja, mwingine unasukuma video. Nabandika mikate kwenye tanuri, nachungulia simu, nikija kuinua kichwa mikate imeungua, na hapa kwetu Isfara mwanamke anayeunguza mikate hutazamwa vibaya kuliko mwizi. Nikawa naificha ile iliyoungua chini ya ile mizuri, nikidhani mama mkwe haoni. Alikuwa anaona.

Msinicheke. Sikuwa natafuta umbea wa watu, nilikuwa namtafuta mume wangu. Nekruz yuko Urusi, anajenga maghorofa, na vijana anaofanya nao kazi hurusha video zao: wanapika wali kwenye kontena, wanacheza kwenye paa lisilo na ukuta, wanarushiana theluji. Nilikuwa natazama nyuma ya watu. Labda ule mgongo ni wake, labda ile kofia. Moja ikiisha inakuja nyingine, ya keki, ya bibi harusi, ya paka aliyevalishwa nguo, na mimi nimo tu, nasukuma. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila siku, halafu mara mojamoja, halafu ikawa mpaka nimpigie mimi, na akipokea anasema yuko juu ya ngazi.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Wazazi wangu wamekufa, na kaka yangu ana mke ambaye hata nikienda kusalimia ananiuliza naondoka lini. Katika ukoo wa mume wangu mwanamke akiachwa anaondoka na sanduku lake tu, mtoto anabaki. Kwa hiyo Nekruz akiniacha sina nyumba, na Marjona, binti yangu, si wangu tena. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye zile video: kama bado nina mume.

Siku moja niko mlangoni natazama vijana wakicheza kwenye paa, Marjona akaingia kwenye mfereji wa maji nje ya geti. Sikusikia kitu. Nilikuja kusikia sauti ya jirani yetu, Robiya, mwanamke ambaye akikohoa mtaa mzima unajua. Amemshika mwanangu miguu juu kichwa chini, maji yanamtoka puani.

"Mtoto anakunywa mfereji, mama yake anakunywa simu!" alipiga kelele. "Njooni mwone mama wa siku hizi!"

Nilimchukua mwanangu nikakaa naye chini palepale kwenye tope. Alikuwa mzima, analia, na mimi nalia kumshinda. Mama mkwe alitoka. Jina lake Hurinisa, mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno. Nilidhani atanipiga, na wallahi ningemshukuru. Hakunipiga. Alimfunga Marjona kwenye shuka, akasema, "Sadbarg, hicho kidude kitakuzikia mtoto."

"Kifunge, Mama," nikamwambia. "Kifunge na mimi nisiweze kukifungua."

Robiya ana binti anaitwa Munisa, anasoma mjini, mambo ya simu anayajua. Alikuja akaweka programu ya kufunga. Kila kitu kilichokuwa kinanila kikawa nyuma ya namba ya siri: video, picha, hata ile programu ya kupigiana simu bure na watu wa ng'ambo, maana kwa simu ya kawaida salio la kupiga Urusi hatuliwezi. Munisa akasema namba nisiishike mimi.

"Ukiishika wewe, dada, utafungua kabla chai haijapoa. Na msibahatishe. Mkikosea mara nyingi itafuta kila kitu kilichomo."

Namba akaiweka mama mkwe. Kusoma hajui, lakini tarakimu anazijua vizuri, maisha yake yote amepima matunda ya aprikoti sokoni. Aligeuka ukutani, akajifunika mtandio yeye na simu, akabonyeza taratibu. Tukakubaliana: kila jioni baada ya chai atanifungulia niongee na Nekruz, halafu anafunga. Nikambusu mikono. Mimi mwenyewe nilimbusu ile mikono, wala sikulazimishwa na mtu.

Siku za mwanzo, jamani! Kidole gumba kilikuwa kinasukuma hewa. Nikikaa nasikia simu inaniita, nikiitoa mfukoni ni kioo cheusi na picha ya kufuli. Nilimgombeza paka, nilimgombeza Marjona, nilimjibu mama mkwe vibaya. Halafu taratibu ikapungua. Mikate ikaanza kutoka mizuri. Nikaanza kumsikia mwanangu anasema nini. Kumbe alikuwa na maneno mengi, kumbe alikuwa na rafiki yake anayekaa ndani ya mti. Nikasema Mungu ambariki Munisa na programu yake. Kila jioni Mama ananifungulia, nampigia Nekruz, hapokei, Mama anafunga. Nalala nikijiambia yuko juu ya ngazi.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nimeinama kwenye tanuri, mama mkwe anageuza aprikoti zilizoanikwa uani, kitochi chake kikalia. Akapokea. Sikusikia maneno, moto ulikuwa unavuma. Nilipoinuka nikamwona amekaa chini, amekalia aprikoti zenyewe, yeye ambaye mtoto akikanyaga moja tu anakula kofi.

"Nani, Mama?"

"Wamekosea namba."

Alisimama, akajipangusa sketi, akaendelea kugeuza. Jioni tukanywa chai. Nikamsogezea simu kama kawaida. Hakuishika.

"Leo hapana," alisema.

Kesho yake hapana. Keshokutwa hapana. Nikauliza nimekosa nini. Nikaomba kwa upole, nikaomba kwa machozi, nikaomba kwa ukali. "Mama, nimeacha video. Mikate unaiona. Mtoto unamwona. Nataka tu kuongea na mume wangu!"

"Kunywa chai yako."

"Chai nimeshiba!"

"Basi osha vyombo."

Ebo! Nikaanza kumchukia. Nikasema moyoni, ajuza huyu ameonja utamu wa kushika funguo, sasa anataka kunifanya mfungwa. Nikaenda kwa Robiya, wanawake wa mtaa walikuwa wamekusanyika uani kwake kupasua aprikoti na kutoa kokwa. Nilipoingia, walikuwa wameinamia simu moja. Vyote vikazimika, kicheko na maongezi. Simu ikalazwa kifudifudi kwenye mkeka, na nyingine nazo zikageuzwa, moja baada ya moja, hata ile ya Munisa.

"Karibu, Sadbarg, karibu ukae," Robiya alisema. Kwa upole! Robiya, kwa upole! Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

"Naomba simu yako, jirani. Nimpigie Nekruz mara moja tu."

"Haina chaji."

Simu ilikuwa inawaka taa pembeni, ninaiona kwa macho yangu. Nikamgeukia Munisa, akaangalia kisu chake. Nikawatazama wote, hakuna aliyeinua kichwa, kila mmoja ameshika aprikoti yake. Kumbe haikuwa simu yangu tu iliyofungwa, mtaa mzima ulikuwa umenifungia.

"Mnanificha nini?"

"Muulize mwenye funguo," Robiya alisema, na nilipoondoka nikasikia mtu anasema maskini, na mwingine akimwambia nyamaza.

Nilirudi nyumbani nikijaribu namba njiani. Mwaka aliozaliwa Nekruz: sivyo. Mwaka aliozaliwa Marjona: sivyo. Mwaka aliofariki baba mkwe: sivyo, na kioo kikaniandikia kwamba nafasi imebaki moja, nikikosea kila kitu kitafutwa. Nikaingia uani simu nimeiinua juu.

"Mama! Nipe namba, au naweka yoyote, ifute yote! Picha zake, sauti zake, yote iende! Usidhani natania!"

Nilidhani ataruka kunishika. Alikuja, ndiyo, lakini alikuja akipiga magoti. Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona akipiga magoti isipokuwa kwenye mswala.

"Weka, mwanangu," alisema. "Weka yoyote. Nakuomba, ifute."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilikaa chini mbele yake, tukawa tunatazamana, wote wawili magotini kati ya aprikoti. "Kuna nini humu ndani?" nikamuuliza.

"Sauti ya Nekruz. Alinipigia siku ile. Kaoa huko, na harusi yenyewe wameirusha, mtaa mzima umeiona. Amekutumia ujumbe wa sauti. Mle ndani kuna talaka zako, Sadbarg, zote tatu. Akaniambia nikutoe kabla ya vuli, anamleta mwingine."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mkaza mwana wangu hajasikia kitu." Alinishika mikono yote miwili, viganja vyake vimejaa utomvu wa matunda. "Hujasikia. Ukisikia umeachika. Usiposikia, amesema na ukuta, amesema na theluji huko aliko. Unabaki humu, Marjona analala anapolala. Mimi nina nani? Mtoto nilimzaa mmoja tu, na huyo ndiye uliyemwona. Ukitoka wewe, nitakula mkate wa nani?"

Najua mtakachosema. Mullah wa mtaa ana jibu lake kuhusu talaka iliyotumwa na haijasikilizwa, na pengine ninyi pia mnalo. Sikumuuliza, na wala sitamuuliza. Asije mtu kuniletea jibu mlangoni.

Lakini nisikilizeni na hili. Mtu amenioa, ameniacha kwa sauti, na mimi bado nilikuwa nataka kuisikia ile sauti. Nilikuwa sijaisikia tangu theluji ilipoyeyuka. Aibu gani hii! Nilikuwa nalia, na katikati ya kulia nawaza, atakuwa ameanzaje? Ameniita kwa jina? Kile kidole changu kikaanza kusukuma hewa kama zamani.

"Namba, Mama."

"Nimeisahau."

"Mama."

Akanitajia. Ilikuwa tarehe niliyoletwa nyumba ile, mimi juu ya farasi wa kukodi na yeye mlangoni akinimwagia unga wa heri kichwani. Nekruz mwenyewe haikumbuki, kila mwaka alikuwa anauliza. Nikabonyeza, kufuli likafunguka. Ujumbe ulikuwa juu kabisa, na picha yake ndogo pembeni, amenyoa ndevu. Nikagusa.

"Assalamu alaykum, Sadbarg," alisema Nekruz. "Hamjambo huko? Mama hajambo? Marjona mzima?" Sauti yake ileile, nzito kidogo, kama amelala vizuri. Halafu akanyamaza, akakohoa.

Mama mkwe aliipiga simu kwa kiganja, ikaanguka, sauti ikakatika. "Ndivyo anavyokohoa tangu mdogo," alisema, anahema. "Akitaka kusema jambo baya."

Ningeweza kuiokota nikaendelea. Wallahi mkono ulikwenda. Badala yake niliisukuma kwake, nikamwambia abadilishe namba na asinionyeshe. Akageuka ukutani, akajifunika mtandio.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Jioni baada ya chai, Mama anafungua. Video sitazami, za paa wala za keki, hazina maana tena. Nasikiliza salamu tu. Mimi nimeweka kidole pale pa kusimamishia, Mama ameweka mkono juu ya mkono wangu, na kikianza kile kikohozi tunabonyeza. Halafu anafunga, naosha vyombo. Kila siku naahidi kesho sitaomba, na kila siku naomba. Kuna jioni kidole kilichelewa kidogo, tukasikia herufi ya kwanza ya neno, sijui neno gani, na usiku kucha hakuna aliyefumba macho. Vuli ndiyo hii inaingia. Geti likigongwa, sote wawili tunanyamaza.

Marjona hukaa mapajani pangu. Baba akiuliza kama mzima, yeye hujibu, "Mzima, Baba!" kwa sauti kubwa ili afike. Jana alijibu hivyo, tukabonyeza, akageuka akanikunjia uso.

"Mama, mbona mnamkata Baba kila siku? Mwacheni amalize."

Akanyoosha kidole chake kidogo kwenye simu. Tulimshika mkono wote wawili, mimi na bibi yake, tukamshika kwa nguvu mpaka akalia.