Shahidi wa Tatu-Tatu-Tisa

Jana usiku niliota kitufe changu cha Morse kimevaa tai.

Ni kile cha chuma ninachogongea nukta na mistari, kilichokaa kwenye meza ya redio yangu hapa Kihonda miaka kumi na tisa bila kunikosea adabu. Katika ndoto ni saa nne asubuhi, Jumamosi, jua linawaka, na mimi nimekaa nikidharau watu. Ndivyo ninavyoianza Jumamosi. Nawasha redio, nasikiliza wenzangu wa hobi hii wanavyogonga, nawacheka peke yangu. Huyu anakwama kila herufi. Yule anakimbia kama amekalia siafu. Mwingine ana redio kubwa kuliko friji yangu na hana cha kusema.

"Bwana Chanzi," kitufe kinasema, "unaitwa ofisini. Uje na kadi zako."

Kadi ninazo. Tukishawasiliana na mtu hewani tunatumiana kadi kwa posta, kuthibitisha kwamba tulisikilizana. Ninazo mia tatu na kumi na mbili, zimejaa ukuta mzima, na zote zimeandikwa tano-tisa-tisa: anaeleweka kabisa, ana nguvu, sauti yake safi. Hakuna alama inayoizidi hiyo. Wageni wakija nawasimamisha mbele ya ukuta huo kabla hawajapewa hata maji.

Ipo na nyingine moja. Ilitoka kwa Bi. Atuganile wa Tukuyu, karani mstaafu wa posta, anayegonga polepole kama anapukuchua mahindi ya mbegu. Aliniandikia tatu-tatu-tisa, yaani nasikika kwa shida. Niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza ilikuwa inacheza na kwa sababu nilikuwa na hasira.

Tunapanda kwa waya wa antena. Juu ya mlingoti kuna mlango, na nyuma ya mlango ni ofisi ya wilaya, yenye benchi refu na harufu ya gundi. Karani ni wimbi la redio, lile la mita arobaini tunalolitumia hewani. Ana mita arobaini kweli. Kichwa kiko mezani, kiwiliwili kimekunjwakunjwa nyuma ya kabati, na miguu imetokea dirishani hadi kwenye maegesho ya magari, ambako mtu ameiwekea jiwe isipeperuke.

"Ndugu Chanzi," anasema bila kuinua macho, "umelalamikiwa kwamba hujawahi kusikika."

Namwonyesha kadi. Nacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye vielelezo.

"Hizo tunazijua. Leta shahidi mmoja anayeweza kurudia jambo moja ulilowahi kusema. Moja tu. Ukikosa, tunafuta jina lako la hewani."

Jina lenyewe liko mezani pake: herufi na tarakimu sita, zimelazwa kwenye sinia, zinapumua. Hapo naogopa. Tangu mke wangu Leokadia afariki, mwaka juzi, hakuna anayeniita humu nyumbani. Jina hilo la hewani ndilo pekee lililobaki kuitwa.

Kadi ya kwanza inasimama. Imetoka kisiwa cha mbali na imevaa koti la mvua.

"Unamfahamu huyu?" karani anaiuliza.

"Tano-tisa-tisa," inajibu kadi.

"Alikwambia nini?"

"Tano-tisa-tisa. Tafadhali arudie jina lake mara tatu."

"Kama ulimpata vizuri hivyo, jina alirudie la nini?"

Kadi inafikiri. "Asante, kwaheri," inasema, na kukaa.

Ya pili inasema hivyo hivyo. Ya kumi pia. Ya mia mbili imesinzia, inaamshwa, inasema tano-tisa-tisa na kusinzia tena. Nazitazama zote mia tatu na kumi na mbili zilivyojipanga kwenye benchi. Waongo wakubwa. Nimewaonyesha wageni mkusanyiko wa waongo.

"Na wewe je?" kitufe kinaniuliza, kikilegeza tai. "Yule wa Jumamosi iliyopita alikwambia nini?"

"Tano-tisa-tisa," nasikia mdomo wangu ukisema.

Ndiyo desturi yetu. Ukimpa mtu alama ya chini ataanza kukuuliza maswali. Ukimpa ya juu anaridhika, anaondoka, nawe unamkimbilia mwingine wa mbali zaidi.

Karani anatoa kifutio kikubwa kama mkate na kuanza na herufi ya kwanza. Nasikia baridi begani. Anaingia ya pili, na baridi inashuka kwenye kiwiko.

Mara meza inaanza kucheza. Chini ya mguu wake anatoka mwanamke wa makamo, amekunjwa mara nne, anajinyoosha kiuno huku akinung'unika.

"Nilimsikia kwa shida," Bi. Atuganile anamwambia karani. "Redio yangu ndogo, na kwetu mvua ilikuwa inanyesha. Halafu anagonga kama anafukuzwa na mbwa. Ana mkono mbaya sana huyu."

"Mkono wangu mzuri," nasema.

"Baba, mkono wako ni takataka. Nilikuomba urudie mara tano mpaka ukanuna."

"Alisema nini?" anauliza karani.

Anafungua kidaftari. "Alisema hivi: Mke amezikwa Jumanne. Sijui kupika ugali wa mtu mmoja. Kila siku unabaki."

Nilikuwa nimesahau kwamba niliyasema. Nilidhani yamepotelea mvuani, maana siku ile niliyagonga kwa mtu ambaye nilimwona hafai, nikiamini hatayapata. Nalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Karani anarudisha kifutio. Jina langu linakohoa, linajiinua kwenye sinia.

Sasa ofisi ni jiko langu. Miguu ya karani bado imetokea dirishani. Bi. Atuganile ameinjika sufuria na anafungua makabati yangu kwa dharau.

"Nilikujibu siku ile ile," anasema, "lakini ulishakimbia kumtafuta mtu wako wa kisiwani. Tangu hapo narudia jibu kila Jumamosi. Wewe unanicheka tu."

"Jibu gani, dada?"

"Unga kikombe kimoja cha chai, usijaze. Hilo bakuli ulilolizoea ni la watu wawili, lipumzishe." Anakishika kidole changu cha kugongea, anakizamisha kwenye kikombe cha unga hadi pingili ya kwanza. "Ukifika hapo, acha."

Nikaamka. Leo ni Jumamosi. Nilijiambia ndoto ni upuuzi wa mtu aliyelala vibaya, nikaenda kuwasha redio nimcheke wa kwanza nitakayemkuta. Alikuwa mmoja wa polepole, kwa mbali, katikati ya kelele za mvua. Nilinyoosha mkono kwenye kitufe nimtupie tano-tisa-tisa yake aende zake.

Kidole changu cha shahada kilikuwa na unga wa sembe hadi pingili ya kwanza. Nyumba hii haijaingia unga tangu mwaka juzi. Mimi nakula mkate. Niliuondoa mkono kwenye kitufe, nikavuta kalamu, nikamwacha amalize.