Diski Chini ya Kipimo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika karakana nzima. Watu walimwita Kanyaga, maana kila alipomaliza kufunga breki za gari alisimama mbele ya boneti, akamnyooshea kidole mwenye gari aliyeketi kwenye usukani, na kupaza sauti: "Kanyaga! Kanyaga tena! Kanyaga kama umemwona mama mkwe wako anavuka barabara! Usicheke, bwana, nimesema breki, si mafuta!"

Alikuwa fundi wa breki tu. Injini hakugusa, na mambo ya umeme aliwaachia wenye nayo. "Gari kwenda si kazi," alipenda kusema, "kazi ni kusimama." Kwa miaka kumi na minane hakuna gari lililotoka mikononi mwake likarudi na lawama, na jambo hilo alilijua kupita kiasi. Sifa ikizoea kukaa kichwani mwa mtu hugoma kushuka.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, shemeji yake alileta gari. Shemeji huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mume wa dada yake mkubwa, mtu mpole asiyejua kubishana hata na mbuzi. Gari lenyewe lilikuwa lile kubwa la familia, la viti saba, ambalo kila Jumatatu hadi Ijumaa lilibeba watoto watatu, mifuko yao, na mama mzazi wa Kanyaga, aliyekuwa akiishi na binti yake.

"Shemeji," Mwalimu alisema, "nikikanyaga breki usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa. Na kuna sauti, chuma kwa chuma. Kesho alfajiri tunasafiri wote. Mama anataka kumwona mdogo wake, anaumwa."

"Saa kumi jioni gari lako liko barabarani," Kanyaga alijibu, tena kwa sauti, maana wateja wengine wawili walikuwa wakisikiliza.

Alipofungua magurudumu ya mbele, aliona mambo. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha hadi kwenye bati, na lile bati lilikuwa limechimba mifereji kwenye diski zote mbili. Diski ndiyo ile sahani nzito ya chuma inayozunguka na gurudumu. Pedi huibana ili gari lisimame. Alichukua kipimo chake akapima unene. Akapima tena. Kwenye ukingo wa kila diski kiwanda hugonga namba ya unene wa mwisho: ikifika hapo, chuma hicho ni cha kutupwa. Hizi zilikuwa zimeshapita hapo. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe ndiye aliyezichonga kwenye mashine kuondoa mtetemo, na sasa zilikuwa nyembamba kuliko namba ile kwa milimita moja nzima.

Alipiga simu kwenye maduka mawili ya vipuri. Diski za gari lile hazikuwapo. Zingefika baada ya siku tatu.

Hapo neno lilikuwa moja tu la kusema: shemeji, msisafiri. Lakini alikuwa ameshasema saa kumi mbele ya watu. Isitoshe, mama yake alimpigia simu mara tatu mchana ule. "Mwanangu, limeisha? Mdogo wangu ananingoja. Usinicheleweshe, mimi na yeye hatuna miaka mingi ya kuchezea." Kanyaga akatazama zile diski, akajiambia kuwa chuma ni chuma, kwamba viwanda huweka namba za woga, kwamba safari ni moja tu na Jumanne atazibadilisha. Akazipeleka kwenye mashine akazichonga tena mpaka zikang'aa kama sinia jipya. Akafunga pedi mpya.

Saa kumi kasoro dakika tano alisimama mbele ya boneti. "Kanyaga!"

Mwalimu akakanyaga, kisha akalijaribu gari barabarani. Usukani ulitulia tuli. "Wewe ni mchawi," alisema, akampa mkono kwa furaha.

Asubuhi ya Jumamosi Kanyaga aliishika simu mara mbili. Angeweza hata kumwambia tu, shemeji, kwenye mteremko tumia gia ndogo, usiitegemee sana breki. Lakini angeulizwa kwa nini. Akairudisha simu mfukoni.

Barabara ile ina mteremko mrefu wenye kona tisa. Kwenye kona ya sita Mwalimu alisikia pedali ikilainika chini ya mguu wake. Akaikanyaga na kuiachia harakaharaka, mara ya kwanza, ya pili; ya tatu kitu kikapasuka mbele, kah! na pedali ikaenda mpaka sakafuni. Kushoto palikuwa na bonde, kulia palikuwa na ukuta wa udongo. Akavuta breki ya mkono, akashusha gia, na kulielekeza gari kwenye udongo.

Watoto walitoka na michubuko. Dada aliumia bega. Mama, aliyekaa mbele, alivunjika mfupa wa paja.

Kanyaga alipofika hospitali alimkuta mama yake amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, uso umemsinyaa kama mtoto aliyelia akachoka. Dada alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na watoto wote watatu wamejibanza ukutani.

"Nilikwambia punguza mwendo," dada alikuwa akimwambia mumewe. "Nilikwambia kwenye kona ya tatu. Nilikwambia kwenye ya nne. Ungetuua."

"Ni mimi," Mwalimu alisema. Hakujitetea hata kwa neno. Alimgeukia Kanyaga na macho yake yalikuwa mekundu. "Shemeji, nimekalia breki mteremko mzima. Kazi yako nzuri nimeiunguza kwa ujinga wangu."

Kila aliyekuwa mle chumbani alimtazama Kanyaga, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi.

"Ajali haina kinga," alisema.

Maneno matatu. Baadaye, kila alipoyakumbuka, alihisi kama mtu aliyeng'ata ulimi wake mwenyewe.

Gari lilivutwa mpaka karakanani kwake. Lingepelekwa wapi kwingine? Alilifungua peke yake, baada ya kuwapa wenzake udhuru wa uongo. Diski ya kulia ilikuwa imepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, na chuma kimekuwa na rangi ya buluu kwa joto. Akaivua, akaifunga kwenye gunia, akaisukuma chini ya meza ya kazi, nyuma ya makopo ya mafuta machafu. Kisha akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, ingawa hakuwa na safari ya kwenda popote.

Kutoka siku ile alikuwa mtu wa kukaa na mwiba mguuni huku akicheza ngoma. Wateja walikuja, alifunga breki zao, lakini ile "Kanyaga!" ilimtoka kwa sauti ya chini, na hatimaye ikakoma kabisa. Nyumbani sahani yake ilirudi jikoni na nusu ya chakula. Mkewe akimwuliza, alisema ni mgongo.

Kwa dada yake ndiko kulikomtesa zaidi. Mama aliporudishwa nyumbani, paja likiwa limetiwa chuma, walimtandikia kitanda sebuleni, na Kanyaga alikwenda kumwona kila jioni. Mle ndani mke na mume walikuwa hawasemeshani. Dada alizungumza na mumewe kwa kupitia watoto. "Mwambie baba yenu chumvi iko mezani." "Mwambie baba yenu bomba linavuja." Yule mdogo, wa miaka saba, alipeleka salamu hizo kwa bidii kana kwamba ni mchezo, ingawa baba alikuwa ameketi hatua mbili tu. Na Mwalimu alikubali. Alikwenda shule kwa miguu. Jioni alimwosha mkwewe miguu kwenye beseni, akamkausha kidole kwa kidole, kama mtu anayelipa faini. Mara moja Kanyaga alimsikia binti mkubwa akimwambia mwenzake wa shule kwenye simu, "Kwetu hatupandi tena gari la baba. Baba hajui kuendesha."

Alitoka nje akajifanya anafunga kamba za viatu.

Siku ya kumi na tisa baada ya ajali, saa sita mchana, Mwalimu alikuja karakana. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na mkononi alishika daftari la shule na kalamu.

"Shemeji, nina ombi," alisema. "Usinicheke. Nimeendesha miaka kumi na mbili, lakini naona sikufundishwa vizuri. Nataka unieleze namna ya kushuka mlima, hatua kwa hatua, niandike. Nikijua makosa yangu, labda siku moja mama atakubali kupanda tena."

Akaketi juu ya tairi, akafungua daftari gotini, akaandika kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula ndogo aliyotoa mfukoni.

Kanyaga akaanza. "Kabla hujaanza kushuka, ingiza gia ndogo." Mwalimu akaandika. "Ukikanyaga breki, kanyaga kidogo kisha achia, ipoe." Mwalimu akaandika, akauliza, "Kidogo ni sekunde ngapi?" Na alipoinua uso kusubiri jibu, uso wa mwanafunzi anayetaka kupasi, Kanyaga hakuweza kuendelea.

Aliinama chini ya meza, akasogeza makopo, akatoa gunia. Aliiweka diski sakafuni mbele ya tairi.

"Funga hilo daftari, shemeji. Huna kosa."

Mwalimu aliutazama ule ufa. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akakisimamisha kwenye namba iliyogongwa. "Hii ni nini?"

"Ni unene wa mwisho. Ikifika hapo inatupwa."

"Na hii ilikuwa imefika?"

"Ilikuwa imeshapita. Kisha nikaichonga, ikazidi kuwa nyembamba. Chuma chembamba hakihimili joto. Ungeshuka kwa gia yoyote, ingekuja kupasuka."

"Ulijua lini?"

Hapo palikuwa na uongo mmoja mdogo ambao ungemfaa: angesema amejua baada ya kulifungua gari. Ulimfika ulimini kabisa. "Ijumaa," alisema. "Nilijua Ijumaa, nikiwa nimeishika hivi."

Mwalimu alifunga daftari.

"Nisamehe, shemeji. Nilikuwa—"

"Usiniombe hapa." Mwalimu hakupandisha sauti; ingekuwa nafuu angepandisha. "Hapa tuko wawili. Mimi niliambiwa mbele ya wanangu kwamba nusura niwaue, na wewe ulikuwapo. Njoo nyumbani uwaambie wao. Kwa mdomo wako."

Alikwenda siku hiyo hiyo, saa kumi na moja, akiwa amebeba gunia. Akatandika gazeti kwenye zulia la sebule, akaweka diski juu yake, akasema yote: namba, mashine, ahadi ya saa kumi, simu aliyoishika na kuirudisha mfukoni, na yale maneno matatu ya hospitali. Hakukaa kwenye kiti.

Mama alikuwa wa kwanza kusema. "Ni mimi niliyekuharakisha," alisema taratibu. "Nilikupigia mara tatu. Nilikusumbua, mwanangu."

Alikuwa anamfungulia mlango wa kukwepa lawama, kama mama yeyote. Kanyaga aliuona, na alitamani kupita. "Hapana, mama. Wewe ulitaka kusafiri. Mimi ndiye niliyejua."

Binti mkubwa alikuwa akimtazama bila kupepesa. "Mjomba, kwa hiyo baba alituokoa?"

"Ndiyo. Breki hazikuwapo. Alichagua udongo, akaacha bonde."

Dada hakumtazama kaka yake hata kidogo. Alimgeukia mumewe. Kwa sauti iliyopasuka alisema, "Baba watoto, nikuletee maji?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya siku kumi na tisa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kisha akaegemea ukuta na kujifunika uso kwa viganja.

"Sasa nenda," mama alimwambia Kanyaga. "Nikiwa tayari nitakuita."

Aliondoka. Wiki iliyofuata alifungua daftari lake la wateja, akawapigia simu wote aliowahi kuwachongea diski. Sita walirudi, magari mawili yalikuwa na diski chini ya kipimo. Mmoja alimtukana hadharani, Kanyaga akayapokea matusi hayo akiwa amesimama wima. Habari zilienea, na wateja walipungua. Mwalimu alifungiwa diski mpya na fundi mwingine, upande wa pili wa mji. Walipokutana walisalimiana, habari za nyumbani, njema, basi.

Mama alimwita baada ya wiki tatu. Alikuwa na miadi kliniki, Mwalimu yuko darasani, dada yuko kazini. Kanyaga alifika na kigari chake mwenyewe, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimshika mkono, akamkalisha kiti cha nyuma, akaweka magongo yake pembeni.

"Hili umelikagua?" mama aliuliza.

"Nimelikagua, mama. Asubuhi hii."

"Mbele ya nani?"

Kanyaga akageuka kuyatazama magurudumu.

"Likague tena," mama alisema, akajifunga mkanda. "Mimi nipo hapa, sina haraka."

Akatoa jeki. Akapiga magoti kwenye mchanga na shati lake jeupe, akafungua gurudumu la kwanza, akachukua kipimo, akamsomea mama yake namba kwa sauti kupitia dirishani. Kisha akahamia la pili.