Mbio ya Kumi na Mbili

Saa tano asubuhi mume wangu alikuwa amesimama nje ya geti letu, juani, kichwa wazi. Ana miaka sabini na sita. Alikuwa amemeza dawa ya sukari tangu saa moja na hakutia kitu tumboni, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumwita ndani tulikuwa tumemzika wiki iliyopita.

Nilikuwa nimeshamwita mara nne. Mara ya tano nilimpelekea sahani ya funji, ugali wetu wa mahindi, na samaki wa chumvi mpaka pale pale getini.

"Hesketh, kula basi. Kula ukiwa umesimama hivyo hivyo, sitakuuliza kitu."

"Aliyetolewa nje hali. Naro alikula?"

"Basi ingia."

"Wewe si wa kuniita, Verlyn."

"Mimi ni mkeo!"

"Najua. Lakini hujanishinda."

"Nimekushinda mara ngapi humu ndani?"

"Si kwa hili," akasema, akageuza uso kuelekea barabarani. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikarudi na sahani yangu jikoni nikiwa nalia kwa hasira, maana mwanaume mkaidi unaweza kumpenda miaka hamsini na bado ukatamani kumpiga na mwiko.

Ukaidi huo ulianza na jokofu. Naro, kwa jina kamili Ramnarine Persaud, alikuja hapa Bolans, kijiji chetu cha Antigua, akitokea Guyana, fundi wa majokofu. Akatengeneza letu, akakaribishwa juisi ya ukwaju barazani, na tangu mwaka themanini na sita hakukosa kurudi. Mwili haukuwa wake tena miaka hii ya mwisho, moyo ulikuwa mbovu, lakini saa tatu asubuhi utamkuta kwenye benchi letu. Yeye na Hesketh waligombana kwa jambo moja tu: katika mechi za kriketi za siku moja, ni mpigaji gani aliyewahi kupiga zamu kubwa kuliko zote?

Hesketh alisema Viv, mtoto wetu wa Antigua, kule Manchester mwaka themanini na nne. Mbio, yaani alama, mia moja themanini na tisa bila kutolewa. Wenzake wote walidondoka, akabaki na Holding, ambaye kazi yake ni kurusha mpira na si kuupiga, na wawili hao wakaongeza mbio mia moja na sita. Naro alisema Kapil Dev wa India, mwaka mmoja kabla. Mia moja sabini na tano bila kutolewa, baada ya timu kupoteza watu watano kwa mbio kumi na saba, na kamera hata moja haikuwepo uwanjani.

"Kitu ambacho hakuna aliyekiona unakisifia nini?" Hesketh alikuwa akimchokoza.

"Na Mungu je, umemwona?" Naro akijibu.

Miaka yote hiyo ni hayo hayo. Mimi kriketi naijua kama mtu anavyojua kelele za jirani, bila kutaka.

Ila walikuwa na sheria yao, na sheria hiyo waliiheshimu kuliko ya kanisani. Ukitaja namba vibaya unanyanyuka kwenye benchi, unatoka nje ya geti, unasimama. Hukai, huli, hunywi. Unasimama mpaka mwenzako aliye sahihi akuite kwa kuitaja namba ya kweli, nawe uirudie kwa sauti ndipo uingie. Kwa kawaida ilikuwa dakika tano za kuchekwa na wapita njia. Siku moja Hesketh alisimama nusu saa kwa kumpunguzia Kapil pigo moja la mbio sita, akarudi anacheka kuliko Naro.

Siku ile ya mwisho Hesketh alikuwa na hoja mpya na alijivuna nayo tangu alipokuwa akinyoa ndevu. Akasema Kapil alisaidiwa na mwenzake aliyepiga mbio ishirini na nne, wakati Viv alisaidiwa kwa mbio kumi na moja tu. Kwa hiyo Viv aliubeba mzigo peke yake zaidi.

"Kumi na mbili," Naro akasema. "Holding alipiga kumi na mbili. Usimwibie mwenzio mbio yake."

"Kumi na moja! Ninalo gazeti la siku ile ndani."

"Kalete."

Hesketh akaingia ndani. Nilikuwa dirishani nachambua bamia, nikamwona anafungua kabati, anakitoa kile kipande cha gazeti, anakikodolea macho, anakirudisha. Miwani yake ilikuwa juu ya jokofu, karibu na kiwiko changu. Mume wangu bila miwani hasomi hata jina lake kwenye bango. Akatoka nje akasema, "Kumi na moja. Nje."

Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia ni michezo ya wazee, mwanamke hajiingizi. Ukweli ni kwamba alikuwa mume wangu na nilitaka ashinde.

Naro akasimama pale getini kwa muda wa karibu saa moja na nusu. Jua la mwezi wa nane. Hesketh alikuwa na kiburi cha kushinda, akajifanya amesinzia. Alipomwita hatimaye, "Kumi na moja, Naro!", Naro alijifuta jasho usoni, kisha akasema, "Kumi na moja." Akaingia, akanywa juisi yake, akaenda nyumbani. Usiku ule ule moyo ukasimama.

Jana baada ya chai ya jioni Hesketh alilichukua lile gazeti, safari hii kwa miwani. Alikaa nalo mpaka mbu wakatuingiza ndani. Aliliacha wazi mezani, nami nikaisoma namba mwenyewe. Asubuhi akameza dawa, akalivaa shati lake la mazishi, akatoka getini.

Cleofoster, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akapita na toroli la majani ya mbuzi.

"Mzee Hesky! Leo umeharibu nini tena? Ah, nyie wazee, siku hizi kuna mtu kapiga mia mbili sitini na nne, na ninyi bado mnalilia mambo ya redioni!"

Siku nyingine Hesketh angemjibu kwamba siku hizi viwanja ni vidogo kama sahani na fimbo ni nene kama milango. Safari hii alimtazama Cleofoster kama mtu asiyejua anaongea na nani. Hapo ndipo niliogopa kweli. Sukari ilikuwa inashuka, na mimi daktari aliniambia kwa kinywa chake: ikishuka sana akadondoka, usidhani atakusubiri.

Nikavua aproni nikakimbia kwa Sumintra, mjane wa Naro, nyumba ya tatu.

Alikuwa ameketi ngazini, nguo nyeupe, anachambua mchele wa kesho, siku ya kumi na tatu ya kumwombea Naro. Hakunikaribisha.

"Dada, nisaidie. Hesketh yuko getini anajiua."

"Namwona toka hapa."

"Naro alikuwa sahihi. Ilikuwa kumi na mbili. Jana ndiyo ameliona. Anasema hawezi kuingia mpaka aitwe, na wa kumwita hayupo. Wewe ndiye Naro sasa. Njoo umwite, neno moja tu."

Akaendelea kutupa punje mbovu kwa kuku. "Kwa hiyo ilikuwa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Naro alijua. Unadhani hakujua? Alirudi hapa shati limeloa jasho, akaniambia, 'Sumi, Hesky hakusoma. Miwani ilikuwa juu ya jokofu, naiona kwa dirisha.'" Akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Akasema, 'Na Verlyn alikuwa amesimama pembeni yake, ananitazama.'"

Nilitamani ngazi ile inimeze.

"Nilidhani hakuniona," nikasema.

"Alikuona. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulirudia uongo? Akasema alichoka miguu. Halafu akakaa kitandani akasema, 'Miaka yote hii, na yule mtu amechagua mbio moja kuliko mimi.' Hilo ndilo neno langu la mwisho kutoka kwa mume wangu, Verlyn. Si jina langu, si la watoto. Mumeo na kriketi yake."

"Nisamehe."

"Leo unaniomba nitoke nikamwite. Wewe siku ile hukumwita wangu."

Nikapiga magoti pale kwenye mchanga, kati ya kuku wake. Sina umri wa kupiga magoti na sina tabia hiyo. "Nilijua, Sumintra. Niliiona miwani nikanyamaza. Ukitaka kunichukia nichukie mpaka unizike, una haki. Lakini yule pale ataanguka sasa hivi. Mbio moja, dada. Mwite."

Akaokota punje nyingine, akawatupia kuku. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea:

"Unajua kwa nini sijatoka tangu asubuhi? Nimekaa hapa namwangalia. Kwa sababu pale alipo, anamngoja Naro. Mimi mwenyewe nimeacha kumngoja, watoto wanaongea habari za kuuza vifaa vyake. Ni yule mzee peke yake duniani anayemngoja bado. Akiingia ndani, Naro amekwisha."

Nilimshika mguu tu.

Ndipo Cleofoster akapiga kelele barabarani. "Bi Verlyn! Mzee anakwenda chini!"

Tulikimbia wote wawili, sinia la mchele likamwagika. Hesketh alikuwa amepiga goti moja, mikono miwili imeng'ang'ania vyuma vya geti, uso umeloa jasho na ngozi baridi kama ya samaki. Cleofoster alikuwa anamvuta kwapani, na Hesketh anapigana naye.

"Niache! Sijaitwa!"

"Mzee, acha utoto, utakufa!"

"Sijaitwa!"

Nilikimbilia jikoni nikarudi na glasi ya maji ya sukari. Nilijaribu kuipenyeza mdomoni, akafunga meno. Maji yote yakaishia kwenye shati la mazishi. Nikampiga kofi, Mungu anisamehe, nikampiga la pili. Macho yake yalikuwa yananipita. Nilimwita majina yote niliyowahi kumwita tangu tukiwa vijana, mazuri na mabaya, na hakuna lililomfikia.

Sumintra alikuwa amepita nyuma yetu. Nilipogeuka nilimwona amepanda barazani, amesimama mbele ya benchi, upande wa Naro.

"Ilikuwa ngapi?" akaniuliza. Namba ile ile tuliyotoka kuitaja, imemtoka kichwani.

"Kumi na mbili!"

Akashika nguzo. Nilidhani hatasema. Niliona kabisa hataki kusema.

"Kumi na mbili, Hesketh," akasema. Kisha akapaza sauti, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Kumi na mbili! Ingia!"

Hesketh akaacha kupigana. Akatafuta ile sauti ilikotoka, akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu.

"Kumi na mbili," akasema. Kisha akalia, "Kumi na mbili, Naro, kumi na mbili," na Cleofoster akambeba kama gunia mpaka barazani. Nikamnywesha glasi ya pili, na ya tatu nikaitia asali. Baada ya muda ule ambao sitaki kuukumbuka, macho yalirudi. Alinitambua. Aliuliza kwa nini shavu linamuuma. Nikamlisha funji kwa mkono, tonge kwa tonge, akala yote, kisha akalala palepale kwenye kiti, anakoroma. Cleofoster akaenda kwa mbuzi wake akifuta macho na kujifanya ni vumbi.

Sumintra alikuwa ameketi kwenye benchi. Nilimpa maji, akayapokea bila kunitazama. Nilitaka kumshukuru, na kila neno nililolishika lilikuwa dogo mno. Nikaweka sahani chini, nikashuka ngazi, nikafungua geti, nikatoka, nikasimama pale alipokuwa Hesketh. Ardhi ilikuwa bado imelowa maji ya sukari na sisimizi wameshafika.

Sumintra akageuka akanitazama.

"Wewe umesimamia namba gani?" akauliza.

"Sina namba, dada. Nilinyamaza tu."

"Sasa nikuite kwa nini?"

"Sijui."

Akayamaliza maji yake polepole, akaiweka glasi chini ya benchi.

"Basi simama," akasema.

Nikasimama.