Maji Baridi ya Kandida

Usiku wa jana, baada ya kumpa mume wangu mgongo kitandani, niliota nina jiwe chini ya ulimi.

Niseme kwanza kwa nini nilimpa mgongo. Jirani yetu Kandida, tuliyepakana naye ukuta, kanunua friji. Kaivika kitambaa cha kufuma na juu yake kaweka maua ya plastiki. Jana mume wangu Titus alipotoka kazini alipitia huko kwanza, akaja nyumbani anafuta midomo. "Mama Beata," akaniambia, "maji ya Kandida ni ya baridi mpaka jino linauma." Mimi nina mtungi. Niliona wivu, wala sioni haya kulisema.

Na leo jumuiya yetu ya sala ilikuwa ikutane kwa huyohuyo Kandida. Wanawake wote wangeiona hiyo friji. Basi nilikuwa nimekata shauri. Nikifika nitakaa karibu na Mama Redempta, ambaye mdomo wake hauna mlango, nimnong'oneze neno ambalo Kandida aliniambia mimi peke yangu, analia, juu ya mtoto wake wa kwanza. Mumewe halijui. Akilijua, hakuna ndoa tena pale. Friji itapoza nyumba tupu.

Ndotoni neno hilo ndilo lilikuwa jiwe. Lilikuwa jeusi, na zito kupita ukubwa wake.

"Acha kunilamba," jiwe linasema.

"Wewe ni nani?"

"Urani. Usijifanye hunijui, nimelala chini ya ardhi yenu hapa Namtumbo tangu kabla ya babu zako. Binamu zangu ni wale wa Katanga. Walichimbwa, wakapakiwa melini, wakapelekwa Marekani. Mwaka wa arobaini na tano walishuka Hiroshima."

"Na wewe umeshuka wapi?"

"Mdomoni mwako. Sikuchagua."

Nikaliuliza moja kwa moja kama linaweza kuifanya chochote friji ya Kandida. Likasema linajua mambo mawili tu, kupika na kulipuka, na kwamba moto ni uleule. Nikaliambia tutaanza na la pili.

Tunapita ukutani, tunatokea sebuleni kwa Kandida. Kandida hayupo. Wameketi akina mama wengine, wamevaa vitenge vya sare, kila mmoja kapakata bomu lililofunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Aliye kwenye kochi kubwa ni Mama Marekani.

"Karibu," anasema. "Usiguse kitu."

"Nani aliwapa haya?"

"Mimi niliogopa Mjerumani asinitangulie," anasema Mama Marekani.

"Mimi nilimwona huyu analo, nikakosa usingizi," anasema Mama Urusi.

"Na mimi nikae hivihivi, nina kilema gani?" anasema Mama Uingereza.

"La kwangu nililijaribia Algeria, kwenye mchanga wa watu," anasema Mama Ufaransa. "Kwangu kuna zulia."

Waliobaki wakataja kila mmoja jirani yake. Wawili waliopakana ukuta walikuwa wanatazamana, kila mmoja kidole kwenye kitufe, chai yao imeota utando.

"Sasa mnayatumia lini?" nikauliza.

"Hatuyatumii. Tukiyatumia tunakufa wote."

"Sasa yana faida gani?"

"Watu wanatusalimia vizuri," anasema Mama Marekani.

Wivu ukanipanda upya. Nilitaka kusalimiwa vizuri. Nikaomba na mimi nafasi kwenye kochi. Wakaniambia nafasi zimejaa, kwamba kuna mkataba, aliyewahi anabaki na lake, na aliyechelewa anaahidi kutolitamani.

"Hiyo si haki," nikasema.

"Si haki kabisa," wakakubali wote, wakapeana sukari.

Karibu na mlango alikaa Mama Afrika Kusini, mikono mitupu, anakula andazi. Akanivuta kanga. "Mimi nilitengeneza yangu, nikayavunja mwenyewe," akasema. "Nilikuwa siwezi kushika hata kikombe." Nilimwona mjinga. Nilimwonea wivu lile andazi tu.

"Tufanye jaribio dogo," linasema jiwe. "Mama Redempta yule pale. Usimpe neno lenyewe. Mwambie jino linakuuma."

Namnong'oneza Mama Redempta kwamba jino linaniuma. Punje moja ya jiwe inamwingia sikioni, zinatoka mbili mdomoni. Zinawaingia wanawake wawili, kwao zinatoka nne. Zinawaka kidogo, za kijani. Jino limekuwa taya. Taya limekuwa saratani. Punje zinajaa chumba, zinatoka dirishani, zinapita sokoni. Aliye mwisho wa mji ananilia matanga, na Titus ameshaposa kwingine.

"Nirudishe," naliambia jiwe. "Niseme ilikuwa jino tu."

"Punje hazirudi nyuma," linasema, na sebule inalipuka.

Naangukia kwenye ngazi za mawe, katika mji nisioujua. Ni asubuhi, jua kali, hakuna mtu. Kwenye ngazi kuna kivuli cha mtu aliyekaa, ila mtu mwenyewe hayupo. Nakaa pembeni yake kwa adabu.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba," kinasema kivuli.

"Ulikuwa na ugomvi na nani?"

"Sikuwa na ugomvi. Nilikuwa nasubiri wafungue mlango. Ulikuwa mlango wa benki, hapa Hiroshima."

Nikatazama chini, nikaona pembeni ya kile kivuli kuna kingine, kidogo, kimeshika kikombe kama mtoto wa Kandida anavyokishika, kwa mikono miwili. Na pembeni yake kuna kivuli kingine, kimesuka nywele kama Beata wangu. Niliogopa, naapa. Nikasema, "Lakini mimi nilimtaka Kandida tu."

"Ndivyo wanavyosema," kikajibu kivuli, bila ukali wowote.

Hapo ngazi zikawa jiko langu. Nilitema jiwe ndani ya birika, nikafunika. Humo ndani ya maji walikuwa wamesimama bibi zangu wote marehemu, wima kama fimbo. Punje ikitoka kwenye jiwe, bibi mmoja anaipokea, anasema "haya", na haitoki tena. Nyingine wanaiacha ipite, wanajua wenyewe ipi. Maji yakaanza kuchemka taratibu. Balbu ya jikoni ikawaka.

"Umeme ni kuchemsha maji tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu," jiwe likasema ndani ya birika. "Watu hudhani ni uchawi. Ila usiwatoe hao wazee. Kule Chernobyl, kwenye kinu cha umeme wa nyuklia, walichomoa karibu fimbo zote, wanajaribu jambo. Kifuniko kikaruka, vumbi likawashukia watu wasiojua hata Chernobyl iko wapi."

"Na wewe utapoa lini?"

"Nitapungua nusu, halafu nusu ya hiyo nusu. Wivu wako nao ni hivyohivyo. Ukisubiri uishe kabisa utasubiri sana."

Nikauliza nusu ya kwanza inachukua muda gani. Kabla halijajibu, mtu akapiga hodi.

Niliamka. Kumekucha, Titus ameshaondoka, jiko limepoa na balbu imezimika kama kawaida. Nikafungua mlango. Ni Kandida, macho mekundu ya usingizi, kashika kikombe kinachotoa mvuke.

"Pole na jino, jirani," akasema. "Mama Redempta kaja kunigongea alfajiri, anasema una hali mbaya, uso umevimba. Nimekuchemshia maji ya chumvi. Ya friji leo usiyaguse."

Sijaumwa jino, wala sijamwambia mtu yeyote aliye macho kwamba linaniuma.

Nyuma ya Kandida, kwenye uchochoro, alisimama Mama Redempta mwenyewe, ameshatega sikio. "Mama Beata!" akaita. "Una neno lolote? Sema, mwenzangu, nipo."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa palepale chini ya ulimi. Nikachukua kikombe, nikajaza mdomo maji ya chumvi mpaka mashavu yakatuna. Mama Redempta alisubiri. Kandida alinisogezea beseni nitemee. Nikameza yote.

"Hana neno," Kandida akamwambia, akanifuta kidevu kwa ncha ya kanga yake.

Nikamwuliza kama nikipona naweza kuja kunywa ya baridi. Akasema nije hata leo jioni, ila niwahi, maana Titus huyamaliza.