Kirolirwe Iko Kijani

Maji yaliyomtoka Alliance yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Yalipenya kitenge, yakaulowesha mgongo wa mama yake, yakachuruzika hadi kwenye kiti cha pikipiki. Dereva alimshusha Mukashema mbele ya ofisi ya shirika la misaada, hapo Sake, akatema mate, akaondoka bila kuaga.

Siku nyingine Mukashema hushuka Sake na bidoni za maziwa. Leo alibeba mtoto tu. Muuguzi wa Kirolirwe alikuwa amemfinya Alliance ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. "Kipindupindu," alinong'ona. "Serumu za kumrudishia maji zimeniishia. Ziko kwa shirika, Sake. Kimbia!"

Na kweli zilikuwepo, katoni juu ya katoni hadi darini. Mbele ya katoni hizo aliketi Papa Floribert, fulana safi ya shirika, pua kaiziba.

"Mama, usimukalishe kwa kiti. Simama palepale. Munatoka wapi?"

"Kirolirwe, Papa. Mutoto anakufa. Mumupatie serumu."

Floribert aligeuza kompyuta amwoneshe ramani. "Angalia. Bantu bakianza kuhara, banatafuta dawa kwa internet. Mashini inahesabu, inapaka fasi ile, kijiji ile, nyekundu, njo tunafungua katoni. Kwenu iko kijani. Hakuna muntu ametafuta. Muko wazima kabisa!"

"Antena yetu ilichomwa mu vita. Tutafute na nini, Papa? Na pembe ya ng'ombe?"

Floribert akacheka hadi akasahau kuziba pua. "Mama, weye unachekesha! Lakini mashini njo shefu. Miye natii tu."

Basi Mukashema akatoka. Langoni walikuwepo wauza maziwa wenzake kutoka Kirolirwe, kila mmoja na bidoni yake na mgonjwa aliyemficha nyumbani. Akawaomba watafute dawa ya kuhara kwa simu zao.

"Bakijua, nani atakunywa maziwa yetu?" mmoja wao, Brigitte, alimkatalia.

"Simu haiuzi umbea," Mukashema akamjibu. "Andika!"

Alliance akatapika. Brigitte akatoa simu, wengine wakafuata. Kuhara. Kutapika. Mutoto, maji meupe. Waliandika, wakarudia, vidole vikiteleza.

Ndani Floribert akaruka. "Nyekundu!" Akampigia mkubwa wake. "Alerti, shefu! Sake! Njo siye ba kwanza kuiona!"

Katoni zikaanza kutolewa. Mukashema akanyoosha mikono.

"Hapana, Mama. Hizi ni za bantu ba Sake. Weye uko wa Kirolirwe."

"Ni siye tuliandika!"

"Mulitafutia hapa. Mashini inaona simu fasi iko, haioni kwenu. Murudie kule, mutafutie kule."

Mlinzi akaja na bomba la klorini. Akanyunyizia sakafu, kisha miguu ya Mukashema, kisha kitenge na mtoto ndani yake. Kwenye kompyuta Kirolirwe ilinawiri, kijani cha malisho baada ya mvua.

Mukashema akamfinya Alliance ngozi ya tumbo. Ikasimama. Akaitazama, akingoja irudi.